Swichi Iliyoachia Katikati

Kisanduku hiki cha volyumu hakichomekwi ukutani. Hakina transista, hakina taa ya kuwaka, hakina hata fyuzi. Nyuma kina soketi za kupokea muziki na soketi za kuupeleka kwenye amplifaya. Mbele kina nobu mbili, moja ya kuchagua kati ya deki ya CD, redio na simu, nyingine ya volyumu. Basi. Mafundi wanaojitengenezea vyombo vya muziki nyumbani wanakipenda kwa sababu kinaonekana hakina pa kuharibikia, na hoja yao si ya kubeza. Tangu CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, deki zake zimezoea kutoa volti 2 hivi muziki unapofika kileleni, na amplifaya nyingi hufikisha nguvu zake zote zikipewa volti moja au pungufu yake. Hakuna cha kukuza. Kazi iliyobaki ni kupunguza, na kupunguza kunaonekana kazi ya mtoto.

Fundi mmoja wa Tanga aliiona hivyo. Mteja wake alikuwa mzee mstaafu wa bandari, mpenzi wa taarab, mwenye spika alizoletewa na mwanawe kutoka Muscat na amplifaya nzito iliyowekwa kabatini upande wa pili wa sebule. Volyumu ya zamani ilikuwa ikikwaruza kila ikiguswa, kwa kuwa ule utepe wake wa kaboni ulikuwa umelika. Mzee akataka kitu cha kudumu, cha kupanda na kushuka hatua kwa hatua kwa swichi.

Fundi akaenda kwenye duka la vipuri chakavu, akatoka na swichi ya kuzungusha yenye hatua 12, ya kauri, nzito mkononi, iliyong'olewa kwenye mtambo wa kiwandani. "Ampea kumi hiyo," muuzaji alimwambia. "Wewe utakufa, yenyewe itabaki." Fundi akanunua uzito.

Mpango wake ulikuwa rahisi na, kwenye karatasi, sahihi. Kila upande, kushoto na kulia, aliweka rezista moja ya ohm 10,000 kwenye njia ya muziki. Mbele yake swichi ilichagua rezista ya kumwaga sehemu ya muziki kwenye ethi: rezista ikiwa kubwa, muziki mwingi unapita, ikiwa ndogo, karibu wote unamwagika. Hatua ya mwisho ilikwenda ethi moja kwa moja, kimya kabisa. Rezista ya ohm 330, kwa mfano, inabakisha sehemu moja tu kati ya 31 za volti zilizoingia. Hiyo ni desibeli 30 chini, sauti ya kawaida ya jioni, na kwa nguvu inayofika kwenye spika ni kama sehemu moja ya elfu. Akapima kila hatua mezani kwa testa. Zote zilikuwa sawasawa.

Jioni moja wageni wapo, muziki umepamba moto, ikaingia adhana ya magharibi. Mzee akanyoosha mkono upesi ateremshe sauti. Nobu ikatoka hatua moja, ikasita kabla ya kufika ya pili, kwa sababu springi ya swichi ile ilikuwa imechoka na haikuisukuma mpaka mahali pake. Sebule ikapasuka kwa kelele. Mkono ulipopata njia, tuita ya spika ya kushoto ilikuwa imekwisha kunyamaza.

"Fundi," mzee alimwambia kesho yake, "mimi nilipunguza."

Na ni kweli, alipunguza. Swichi za kuzungusha ziko za tabia mbili ambazo macho hayawezi kuzitofautisha kwa nje. Ipo inayoachia kabla ya kushika: ulimi wake hutoka kwenye pini moja, ukawa hewani kidogo, ndipo ukagusa pini ya pili. Na ipo inayoshika kabla ya kuachia: ulimi wake ni mpana, hugusa pini mpya ungali juu ya ile ya zamani. Swichi nzito ilikuwa ya tabia ya kwanza. Kiwandani hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu njia mbili za umeme mkubwa zikigusana hata kwa kufumba na kufumbua, kitu kinaungua. Lakini katika kisanduku cha mzee, ulimi ukiwa hewani rezista ya kumwaga haipo tena. Zimebaki zile ohm 10,000 tu, na amplifaya yenye ohm 47,000 mlangoni inapokea zaidi ya volti 1.6 kati ya zile mbili. Kutoka sehemu moja ya 31 hadi zaidi ya nne kwa tano, bila onyo! Amplifaya ikalemewa, ikakata vilele vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa hivyo huzaa masafa mengi ya juu. Masafa ya juu huelekezwa kwenye tuita, yenye koili ya waya mwembamba kuliko zote.

Testa haikumwambia fundi lolote kwa sababu aliuliza swali la hatua zilizotulia. Angeiweka kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya kwanza na nyingine kwenye pini ya pili, kisha akazungusha nobu polepole, angejua kwa sekunde chache. Ikilia ulimi unapovuka, inashika kabla ya kuachia. Ikinyamaza mwanzo hadi mwisho, inaachia kwanza. Pini ya kati haihitajiki katika kipimo hiki.

Zile ampea kumi nazo zilikuwa sifa ya mahali pengine. Viguso vya fedha huota utando mweusi wa salfa, kama bangili iliyosahaulika kabatini. Penye mkondo mkubwa, cheche ndogo huuchoma utando huo kila swichi inapogeuzwa. Muziki wa jioni kwenye swichi kama hii ni mkondo mdogo mno. Hauna cha kuchoma. Baada ya muda sauti ya upande mmoja huyumbayumba, na mtu hulaumu waya. Kwa mkondo mdogo namna hii viguso vya dhahabu ndivyo vinavyofaa, hata kama swichi yenyewe ni nyepesi na muuzaji anaionea haya. Swichi ile ya kauri fundi hakuitupa. Aliihamishia kwenye meza yake ya kazi, ichague ni amplifaya ipi kati ya mbili itumie spika za majaribio. Pale kuachia kwanza ni lazima, maana amplifaya mbili hazifai kuunganishwa mdomo kwa mdomo.

Kisanduku cha pili kilipata swichi ndogo za plastiki, nyuzi 30 kwa kila hatua, zenye viguso vya dhahabu na za kushika kabla ya kuachia. Sasa ulimi ukivuka, rezista mbili za kumwaga hufanya kazi pamoja, na sauti hushuka kidogo badala ya kuruka. Fundi akafurahi mno, akanunua ya aina ileile kwa ajili ya nobu ya kuchagua. Hapo akakosea upande wa pili wa jambo lilelile. Kila mzee alipotoka kwenye CD kwenda redio, mtangazaji alisikika juu ya mwimbaji, kwa kuwa deki na redio zilikuwa zimeunganishwa midomo, kila kimoja kikisukuma ndani ya kingine. Vyombo vingi vina rezista ndogo mdomoni ya kuvilinda. Visivyokuwa nayo huweza kuharibika. Kwa kuchagua, swichi iachie kwanza. Kwa kumwaga, ishike kwanza.

Kuna na kile kipete chenye jino, kidogo kuliko shilingi, kinachokaa chini ya nati ya swichi hizi kuzuia nobu isizunguke duara zima. Hukipati tena kikidondoka chini ya meza. Bila hicho, hatua inayofuata kimya cha mwisho ni sauti ya juu kabisa. Fundi alikipata, kwa bahati.

Hatua 12 zenyewe ni chache. Ukizipanga desibeli 2 kwa 2, unapata masafa ya desibeli 22 tu, nayo hayatoshi. Ukizipanga 4 kwa 4 unapata 44, lakini kila hatua inasikika kama mtu amefunga au amefungua dirisha. Swichi za hatua 24 zipo, Elma wa Uswisi wanazitengeneza kwa mfano, na desibeli 2 kwa 2 zinafika 46. Bei yake ni jambo jingine.

Malalamiko ya mwisho ya mzee ndiyo yaliyoleta transfoma. Volyumu ikiwa chini, alisema, tari ya rika inalia vizuri. Ikipandishwa sana, inafifia, kana kwamba imefunikwa kitambaa. Sikio lake halikumdanganya. Karibu na kilele cha volyumu, kisanduku kile huionyesha amplifaya ukinzani wa ohm 8,000 hivi. Kebo iliyozungushwa ukutani mpaka kabatini ilikuwa na mita 10, na kebo ya kawaida ya muziki ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Ohm 8,000 na pikofaradi 1,000 zikikutana hupunguza desibeli 3 penye hezi 20,000, na kupungua huko huanza chini zaidi. Volyumu ikiwa chini, penye ile rezista ya ohm 330, ukinzani unakuwa wa mia chache tu, na kebo haina la kufanya.

Transfoma hutibu hilo kwa njia nzuri sana. Ukichukua msuko wenye matoleo mengi, muziki ukaingia kwenye mizunguko yote na kutoka kwenye nusu yake, volti hupungua kwa nusu, lakini ukinzani wa chombo kinachosukuma huonekana umepungua mara nne. Ukitoka kwenye sehemu ya kumi, hupungua mara mia. Hakuna kinachomwagwa kwenye ethi. Fundi aliposikia habari hii akasema transfoma ni transfoma, akafungua redio iliyokufa na kutoa ile ya umeme, yenye matoleo ya volti 6, 9 na 12. Kutoka 230 hadi 12 ni kushuka desibeli 26 kwa mkupuo. Juu ya hilo, ilisukwa kwa kufikiria hezi 50 na si 20,000, chuma chake ni kigumu cha kusikia ishara ndogo, na haina ganda la kuikinga. Ikaleta mvumo wa transfoma zote za jirani na muziki ukabaki nyuma.

Transfoma za kazi hii ni kabila jingine. Sowter wa Ipswich, Uingereza, na Lundahl wa Sweden ni miongoni mwa wanaojulikana kwa transfoma za sauti. Kiini kizuri huwa cha aloi yenye nikeli karibu asilimia 80, inayoitikia ishara ndogo sana, lakini hushiba mapema: kama tesla 0.8, ilhali chuma cha silikoni hufika karibu 2. Na mzigo wa sumaku kwa volti zilezile huongezeka kadiri masafa yanavyoshuka. Penye hezi 20 ni mara 50 ya penye hezi 1,000, ndiyo maana transfoma ndogo huimba vizuri na kukoroma besi ikipiga. Kiini hicho pia hakipendi mkondo mnyoofu. Hata testa ya ohm huweza kukiachia sumaku, na dawa yake ni kukipitishia ishara ya masafa ya chini kisha kuipunguza polepole mpaka sifuri. Anayeweka kapasita mbele yake kuzuia mkondo huo naye apige hesabu: mikrofaradi 1 na msuko wa henri 100 huitikiana penye hezi 16, mlangoni mwa besi.

Halafu swichi inageuka tena. Ulimi mpana unaoshika pini mbili, uliokuwa salama kwa rezista, kwenye transfoma huunganisha mizunguko iliyo kati ya matoleo mawili ikawa pete iliyofungwa, na chombo kinachosukuma muziki huona mzigo wa ghafla. Watengenezaji wengine huuvumilia, kwa kuwa waya wa msuko una ukinzani wake. Mimi ningechagua inayoachia kwanza, na rezista ya ohm 100,000 kutoka mlango wa amplifaya hadi ethi. Hapa ulimi ukiwa hewani kinachosikika ni kimya cha kitambo kidogo, si mlipuko kama ule wa adhana.

Fundi alimweleza mzee haya yote, pamoja na bei ya transfoma mbili za nikeli na usafiri wake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kabati.

"Mwanangu, kwani amplifaya hiyo imeota mizizi?"

Wakaibeba wawili, wakaiweka kando ya kisanduku. Kebo ya mita 10 ikakatwa ikawa ya mita moja, na mpaka uliokuwa penye hezi 20,000 ukasogea hadi 200,000. Waya wa spika ndio uliorefushwa, wa milimita za mraba 2.5, ambao kwa mita 10 za kwenda na 10 za kurudi una ohm 0.14 tu mbele ya spika ya ohm 8. Fundi alilipwa waya na ujira wa kubeba. Tuita bado anadaiwa.