Nasaba ya Rando

Mkulima wa Bariadi, mkoani Simiyu, hulea nasaba mbili katika shamba moja. Hindi lina baba na mama: chavua ya bua moja huchukuliwa na upepo, ikaangukia ndevu za hindi la bua jingine. Kiazi kitamu hupandwa kwa rando lililokatwa katika shina la jana. Hakina wazazi, kwani ni kiazi kile kile kilichoongezewa siku.

Kwa hesabu tupu njia ya rando ni bora. Dume halizai. Jike lizaalo peke yake hutoa watoto ambao wote watazaa; lenye kuhitaji dume hutoa nusu tu. Tena huvunja umbo lililokwisha kufaulu, likalichanganya na la mgeni. Mbona basi viumbe wengi hulipa ushuru mzito namna hii?

Vidukari wa pamba, katika nchi za joto, huzaa majike kwa majike mwaka hata mwaka. Jamaa zao wengi wa nchi za baridi hufanya hivyo wakati wa joto tu. Baridi ikikaribia madume hutokea, yakatagwa mayai yenye kustahimili theluji. Viroboto wa maji nao huzaa peke yao dimbwi likijaa. Maji yakipungua na msongamano ukizidi, hutafuta madume, na mayai yao hulala katika tope kavu yakingoja mvua. Azaaye peke yake hutumaini kesho ifanane na leo, achanganyaye hushuku. Na kinachostahili kushukiwa zaidi, pengine, si jua wala baridi bali maradhi, ambayo yakipata ufunguo mmoja hufungua kila nyumba yenye kufuli ya namna moja.

Lakini rando halikuchagua. Kiazi hutoa maua na chaweza kuzaa mbegu. Mkulima ndiye aliyekinyima ndoa, tena kwa sababu njema, maana mbegu haiahidi kiazi kile kile kilichosifiwa kwa michembe. Amechagua kwa niaba ya kiumbe, na shaka ambayo kiumbe angekuwa nayo imekuwa wajibu wake. Virusi viletwavyo na vidukari na inzi weupe hukaa ndani ya rando. Baada ya kiangazi jirani huomba marando, hupewa kwa moyo mweupe, na ugonjwa huhamia kwake ndani ya zawadi.

Mhogo, upandwao kwa vijiti, ulidai wajibu huo mapema. Kwa ajili ya batobato na michirizi ya kahawia, H. H. Storey na wenzake huko Amani, Tanga, tangu miaka ya 1930, waliuoza mhogo kwa mpira wa Ceara, jamaa yake wa mwitu, kisha wakaurudisha uzao kwa mhogo kizazi baada ya kizazi. Watoto wengi hawakufaa, wakatupwa. Wale wachache waliofaa walikatwa vijiti, wakapandwa.