Heshima Isiyofunga Kinywa

Siku hizi vyuo vikuu vingi, vikiwemo vinavyomilikiwa na makanisa yetu, huwaita wafanyakazi kwenye semina kuhusu mahali pa kazi ambapo mtu anaweza kusema bila kuogopa na ambapo hakuna anayebaguliwa. Mhadhiri, katibu muhtasi, dereva na mpishi wa bwalo huketi ukumbi mmoja. Huambiwa kwamba kila sauti ina thamani. Hula chakula cha mchana pamoja, na kesho yake kila mmoja hurudi mahali pake. Je, sisi tunaoamini tuyaone mafunzo haya kuwa jambo la imani, au ni utaratibu wa ofisi tu?

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni, nayo yatawafundisha vijana kuwajibu wakubwa. Hoja hii tusiidharau. Heshima imetulea, na jamii isiyo na heshima hatuitamani. Lakini heshima na woga hufanana sana kwa nje. Vyote viwili husema shikamoo, vyote viwili husimama mkuu anapoingia. Tofauti huonekana pale mkuu anapokosea.

Tumtazame Naamani, jemadari wa Shamu, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya tano. Aliyempa habari za nabii ni msichana mtumwa aliyetekwa vitani, mtu wa chini kabisa katika nyumba ile. Elisha alipomwagiza Naamani akaoge Yordani mara saba, alikasirika akageuka kwenda zake. Hapo watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, kisha wakamwambia kwa upole kwamba hasira yake haina maana. Adabu yao haikupungua hata kidogo, na ukweli haukupungua pia. Naye akawasikia. Kama watumishi wale wangekuwa na adabu ya kunyamaza tu, bwana wao angerudi kwao na ukoma wake.

Wataalamu wa leo wameliona jambo hilo kwa njia yao. Amy Edmondson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali huko Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1996. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri zingeonyesha makosa machache. Akakuta zimeandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba katika wodi hizo wauguzi hawakuogopa kutaja kosa, na kwingine makosa yalifichwa. Basi idara isiyo na malalamiko hata moja isitufanye tushukuru haraka.

Hata hivyo semina nyingi, kwa maoni yetu, huanzia upande usiofaa. Humfundisha mdogo kuwa jasiri. Mhadhiri msaidizi mwenye mkataba wa mwaka mmoja huhimizwa aseme yaliyo moyoni, huku atakayesaini mkataba mpya ni yuleyule atakayesemwa. Huko ni kumtuma mtu vitani bila ngao, kisha kumlaumu kwa kukimbia. Nathani alipomwendea Daudi, alikuwa akiongea na mfalme aliyekwisha kumuua Uria ili kuficha dhambi yake. Tunausifu sana ujasiri wa nabii, na ni haki. Lakini haki ya Mungu haidai kwamba kila mfagiaji awe Nathani ndipo asikilizwe.

Kanisa la kwanza lilifanya vizuri zaidi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuuliza ni nani aliyeanza kunung'unika. Hawakuhubiri juu ya uvumilivu. Waliwaita wanafunzi wote, wakawaagiza wachague watu saba na kuwakabidhi kazi ile. Yasomeni majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo mpaka Nikolao: yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kwamba waliolalamika walikabidhiwa meza yenyewe.

Hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu, dini na mengineyo. Hicho ni kiwango cha chini, na chuo cha kanisa hakipaswi kujivunia kukifikia. Kwetu hatari ni kubwa kuliko kwingine, maana mkuu wetu anaweza kufungua kikao kwa sala, akafunga mjadala kwa mstari wa Maandiko, na anayempinga akaonekana anampinga Mungu.

Kwa hiyo mafunzo yaanze na wakuu wa idara, wakiwa peke yao, kabla dereva hajaitwa ukumbini. Wajifunze kuuliza swali na kungoja jibu. Uamuzi wa kuongeza mkataba usiwe mikononi mwa mtu mmoja. Malalamiko yapokelewe na mtu asiye chini ya anayelalamikiwa. Na mfagiaji anayesema ngazi za maktaba zinamzuia mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu apewe jibu kwa maandishi, lenye tarehe ya kazi kuanza.