TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mpira Uliokuwa na Shahidi Ndani

 

Wapenzi wa mpira mtakumbuka Kombe la Dunia la Qatar. Tarehe 28 Novemba 2022, uwanja wa Lusail, Ureno wanacheza na Uruguay. Dakika ya 54 Bruno Fernandes anapiga krosi, Cristiano Ronaldo anaruka apige kichwa, mpira huooo wavuni! Ronaldo akashangilia kama mfungaji, na wengi wetu tukaamini kafunga yeye. Hata Bruno mwenyewe alisema baadaye kwamba alidhani mwenzake kaugusa.

Kumbe ndani ya mpira mlikuwa na kifaa kidogo kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde moja. Kiliwekwa hasa kwa ajili ya kuotea: kamera 12 chini ya paa la uwanja zinafuatilia alama 29 za mwili wa kila mchezaji, na mpira nao unaeleza umepigwa wakati gani. Siku ile kikatoa ushahidi wa jambo jingine. Watengenezaji wa mpira wakaangalia taarifa zake, wakasema Ronaldo hakuugusa. Bao likabaki la Bruno.

Sasa hebu tujiulize. Je, kifaa kile kilithibitisha kwamba Ronaldo ni muongo? Hapana. Huenda aliamini kabisa kwamba umemgusa, na sisi tumefundishwa kuwadhania watu vema. Kifaa kinajua mguso, nia hakiijui.

Wapo wanaosema, wekeni kamera kila mahali, watu watanyooka. Ni kweli zinasaidia, na haki ya mtu kulindwa si jambo dogo. Lakini aliyejizuia kwa kuogopa kamera, siku ikizimwa atafanya nini?

Ndiyo maana saumu ni shule ya ajabu. Unatawadha adhuhuri, jua kali, maji yako mdomoni. Ukimeza funda moja nani atajua? Hakuna marudio ya video, hakuna mwamuzi wa kukimbilia kwenye skrini. Na bado unayatema. Hiyo ndiyo ihsani aliyoieleza Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na Jibril: umwabudu Allah kana kwamba unamuona, na kama humuoni, basi Yeye anakuona.

Lakini jamani, nafsi ina ujanja. Niwape langu. Wiki iliyopita baada ya tarawehe mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Mwanangu, Allah akulipe kwa unga na tende ulizowapelekea wale wajane." Haikuwa sadaka yangu. Jirani yangu ndiye aliyetoa, mimi alinituma tu, na akaniomba nisimtaje. Nikatabasamu, nikaitikia "Amin." Njiani nikajiambia kwamba nimetunza siri ya mwenye sadaka.

Kweli? Si ningeweza kusema, "Mzee, mimi mjumbe tu," na siri ikabaki palepale? Ukweli ni kwamba sifa ilikuwa tamu. Bao la mwenzangu, nikashangilia mimi. Na tofauti na mchezaji yule, mimi nilijua kabisa kwamba sikuugusa mpira. Katika Suratu Aal Imran Allah amewaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri siku ile, tumbo likatii, ila ulimi ukanyamaza pale ulipotakiwa kusema.

Jana nilimtafuta yule mzee nikamweleza. Akacheka, akasema, "Basi Allah amlipe huyo asiyejulikana, na wewe akulipe ujumbe." Nikaondoka mwepesi.

Ndugu yangu, dada yangu, kabla ya futari leo jikague. Je, kuna sifa umeibeba na si yako? Kazi ya mwenzako ofisini, jasho la mkeo jikoni, wazo la mdogo wako? Irudishe leo leo, hata kwa maneno mawili. Usingoje kuumbuliwa na ushahidi.

Yaa Allah, tujaalie siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu, na utukabalie saumu zetu. Amin.

Tukutane tarawehe, in shaa Allah.