Ndege ya Watu wa Kujitolea

FlightGear, programu huria ya kuigiza urushaji wa ndege, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1997, na hadi leo inajengwa na watu wa kujitolea. Mmoja huchora umbo la ndege, mwingine vipimo vya chumba cha rubani, mwingine huingiza uzito, eneo la mabawa na nguvu ya injini ili kompyuta ikokotoe ndege itakavyopaa. Hapo ndipo utamu ulipo: fizikia ya darasani inaitikia usukani! Kijana wa Mbugani, Kyela, aweza kuruka humo juu ya Ziwa Nyasa, kisha akafungua faili za ndege hiyo azirekebishe. Programu ni bure. Walimu wa fizikia, wafungulieni wanafunzi wenu.