Barua ya Mtu Si ya Ofisi Nzima

Ukitaka kujua shirika dogo au koperative ya wakulima wa mpunga hapa Luvungi inatunzaje siri za watu, uliza ni nani anayejua neno la siri la barua pepe yake. Mara nyingi utajibiwa: sisi sote. Mratibu analo, karani analo, mweka hazina analo, na kijana wa saiba kule Uvira aliyewafungulia anwani hiyo huenda analo bado. Katika ofisi moja kando ya Barabara ya Taifa namba 5, nimeliona limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mahudhurio. Daftari lenyewe hulala mezani karibu na mlango, na kila mgeni hulifunua kutia sahihi.

Najua mazoea haya yalikotoka. Mega za intaneti zinagharimu, umeme ni wa sola, na kompyuta ya ofisi ni moja. Tena kuna suala la heshima: kumnyima mwenzako neno la siri kwetu ni sawa na kumwambia humwamini. Na kushirikiana sanduku hatukuanza leo. Zama za posta, wengi waliandikiwa kupitia sanduku la parokia au la misheni, jina la mtu likitajwa chini ya jina la mwenye sanduku. Lakini kila barua ilikuja na bahasha yake, imefungwa kwa gundi. Aliyeibeba hadi kijijini hakujua ndani mna nini, na akithubutu kuifungua, mwenyewe aliona imechanwa. Barua ya leo ikishaingia katika sanduku la pamoja, haina bahasha tena.

Humo huingia ratiba ya semina na bei ya mbegu, na hayo wayasome wote, ndiyo faida ya sanduku la pamoja. Lakini humo humo huingia majibu ya maabara ya mfanyakazi aliyeomba likizo ya ugonjwa. Huingia jina la msichana anayeombewa nauli ya kwenda hospitali ya Panzi, Bukavu. Huingia barua ya mama mmoja, ameiandika kwa mkono, mwanawe anayesoma mjini ameipiga picha na kuituma: anaeleza kwamba mgawa mbegu alimtaka kimapenzi kabla ya kumpa fungu lake. Na mgawa mbegu huyo naye ana neno la siri. Anaweza kuisoma barua hiyo alfajiri, akaifuta kabla mratibu hajafika kazini.

Katika mkoa huu wa Kivu Kusini, ambako Daktari Mukwege wa hospitali hiyo ya Panzi alifanya kazi ya kuwatibu wanawake waliobakwa, kazi iliyompatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, hatuhitaji kufundishwa aibu inavyomfuata mwanamke. Jina likitoka ofisini asubuhi, jioni liko sokoni. Mama yule alitaka kusikilizwa na viongozi wa koperative, si na kila apitaye pale mezani. Katiba yetu ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na ya siri ya mawasiliano yake. Haki hiyo ni ya mama yule pia.

Wapo wanaotegemea alama ya faragha iliyomo katika programu ya Outlook. Microsoft wenyewe wanaonya isitegemewe kuficha jambo, kwa kuwa aliyepewa ruhusa ya kusoma anaweza kulifikia kwa programu nyingine. Njia iliyo bora kidogo ni ya Gmail, nayo ni bure: mwenye akaunti ya kawaida anaweza kuwakabidhi sanduku lake watu hadi 10, kila mmoja akaingia kwa akaunti yake mwenyewe. Aliyekabidhiwa anasoma, anajibu, hata kufuta, ila hawezi kubadilisha neno la siri. Akiacha kazi, anaondolewa siku hiyo hiyo, na wenzake wanaendelea kama kawaida.

Hata hivyo, aliyekabidhiwa anaona kila kitu. Ndiyo maana naomba kila koperative na kila shirika la huku lifungue anwani ya pili, ya malalamiko na mambo ya afya tu, isomwe na watu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, na wote wawili wasiwe wagawaji wa chochote. Wachaguliwe na mkutano mkuu, mbele ya wanachama. Anwani hiyo ibandikwe ukutani kwenye ghala la mpunga pamoja na majina yao, ili mama mwenye jambo ajue, kabla hajashika kalamu, ni nani atakayemsoma.