Je, Mungu Ana Timu?

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili
Na Mchungaji Msaidizi
Maandiko: Yoshua 5:13–15, 1 Samweli 4:1–11, 1 Wakorintho 9:24–27



Leo nataka tuzungumze juu ya ombi ambalo halitajwi sana hapa madhabahuni, lakini linaombwa kila wikendi. Linaombwa mpira ukiwekwa kwenye alama ya penalti. Linaombwa dakika ya 88, simu mkononi, na mtu aliyeweka pesa zake hapo. "Bwana, bao moja tu." Nikisema walioomba hivyo wainue mikono, najua mikono itakuwa michache kuliko ukweli.

Sasa swali ni hili: Mungu anasikia ombi hilo? Na akisikia, anaingia uwanjani?

Mnakumbuka CHAN. Ijumaa, Agosti 22, 2025, robo fainali pale Kasarani. Harambee Stars walikuwa wametoka kwenye kundi bila kushindwa: waliilaza Kongo, wakatoka sare na Angola, wakaipiga Moroko, wakaipiga Zambia. Nchi nzima ilikuwa imesimama. Halafu ikaja Madagaska. Dakika 120, moja kwa moja. Penalti, wao 4, sisi 3. Tukarudi nyumbani kimya.

Siku hiyo watu waliomba, wapendwa. Waliomba kwenye matatu, waliomba mitaani, na wengine walikuwa wamefunga. Lakini Madagaska pia ni nchi yenye Wakristo wengi, na kule Antananarivo kulikuwa na mama amepiga magoti akimwita Yesu huyu huyu tunayemwita hapa. Tukisema Mungu aliamua penalti zile kwa kuhesabu maombi, basi sisi tulifanya nini? Tulifunga kidogo? Na sizungumzi juu ya mabao. Tena Moroko tuliyoishinda ndiyo iliyobeba kombe, ikiifunga Madagaska 3–2 katika uwanja ule ule. Hesabu ya maombi haitatusaidia kueleza mambo hayo.

1. YOSHUA ALIULIZA SWALI LETU

Yoshua yuko karibu na Yeriko. Anamwona mtu mwenye upanga uchi mkononi. Anamwendea na kumuuliza: uko upande wetu, au uko upande wa adui zetu? Ni swali la shabiki. Anataka kujua jezi.

Angalia jibu. Yule mtu hakusema "niko upande wenu", ingawa Israeli walikuwa taifa la agano. Alisema la. Amekuja akiwa amiri wa jeshi la Bwana. Yaani Yoshua alitaka kujua Mungu anachezea nani, akaambiwa kwamba Mungu ndiye mwenye jeshi. Na Yoshua alipoelewa hakubishana. Alianguka kifudifudi, akavua viatu.

Kama Yoshua, mwenye ahadi mkononi, hakupewa jibu la "niko timu yako", mimi na wewe tutalidai wapi? Wiki ya debi ya Mashemeji, hapa kanisani tuna K'Ogalo na Ingwe wanaketi kiti kimoja, wanashiriki meza moja ya Bwana. Mungu amtupe nani ili amfurahishe nani?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Mungu hawezi. Aliyetuliza bahari anaweza kuzuia mpira. Ninachosema ni kwamba hajaahidi. Na imani inasimama juu ya ahadi, haisimami juu ya hamu zetu.

2. SANDUKU SI HIRIZI

Katika 1 Samweli 4, Israeli wanapigwa na Wafilisti, watu kama 4,000 wanaanguka. Wazee wanakaa kikao. Hawamuulizi Bwana. Wanasema, tulete sanduku la agano. Likaletwa, na watu wakapiga kelele mpaka nchi ikatikisika. Kama ni uwanja, ungesema mechi imeisha. Lakini siku hiyo walianguka 30,000, na sanduku lenyewe likatekwa.

Walikuwa na kitu cha Mungu, lakini walikitumia kama hirizi. Na sisi tunaweza kulifanya jina la Yesu hirizi. Timu inayoomba kwa duara kabla ya mechi inafanya vizuri, lakini kama duara hilo ni dawa ya ushindi, hatuna tofauti na yule anayezika kitu nyuma ya goli.

Kuna mtu atasema, "Mchungaji, na Kutoka 17 je? Musa alipoinua mikono, Israeli walishinda." Amina, ni kweli. Lakini soma sura yote. Amaleki ndio waliokuja kuwapiga watu waliotoka utumwani, na Musa aliinua mikono akiwa na fimbo ya Mungu. Ile haikuwa ligi. Tena wakati Musa anaomba mlimani, Yoshua alikuwa bondeni na upanga. Waulize wanariadha wa Iten wanaoamka giza kukimbia kwenye baridi. Wengi wao wanaomba, na hakuna anayeomba halafu akarudi kulala.

3. MKEKA SI MADHABAHU

Sasa hapa ndipo panaponiuma.

Kuna kijana wa kanisa hili aliyeacha kuja. Ameniruhusu nieleze bila kumtaja. Alikuwa na karo ya dada yake, kiasi kikapungua, akaona aongeze. Akaweka mkeka wa mechi kumi, akaufungia siku mbili, maji tu. Mechi tisa zikaingia. Ya kumi ikaharibika kwenye dakika za nyongeza. Nilipomtembelea aliniambia, "Pasta, Mungu alijua hiyo pesa ni ya shule. Aliniona, akanyamaza."

Wapendwa, pesa inaweza kurudi. Lakini kijana huyu alipoteza pesa na karibu apoteze Baba. Na aliyemfundisha kuomba hivyo ni sisi, kila mara tunapompigia makofi mtu aliyeshuhudia kwamba Bwana "alimfungulia" mkeka. Aliyeshinda anapewa maikrofoni. Waliopoteza wiki hiyo hiyo wameketi nyuma, kimya, wakijiuliza wana dhambi gani.

Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo wacha tufanye hesabu kidogo. Kampuni inakuuliza kama mabao yatazidi mawili au hayatazidi, kila upande odi ni 1.90. Weka shilingi 100 huku na 100 kule. Umetoa 200. Upande mmoja lazima uingie, unarudishiwa 190. Shilingi kumi zimeondoka hata kabla refa hajapuliza kipenga. Hiyo ndiyo biashara yao, na haihitaji kujua mpira. Halafu mechi kumi, hata kila moja ikiwa nusu kwa nusu, nafasi ya zote kuingia ni moja kati ya 1,024. Yule kijana hakuachwa na Mungu kwenye mechi ya kumi. Hesabu ilikuwa imemkataa tangu alipobonyeza.

Wengine wananionyesha Mithali 16:33, kwamba kura ikitupwa uamuzi ni wa Bwana. Ndiyo. Lakini angalia kura zilifanya kazi gani. Zilitumika kugawa nchi katika Yoshua 18, na kumpata Mathiya katika Matendo 1. Hapo hakuna aliyeweka pesa ili achukue ya jirani. Na nakumbuka watu waliopiga kura ili wapate kitu cha bure: ni askari chini ya msalaba, wakigombea vazi la Yesu huku yeye anakufa juu yao. Ombi la mkeka ni kumwomba Mungu achukue pesa ya boda boda mwingine, ya baba mwingine mwenye karo, akupe wewe. Yakobo 4:3 inatuambia kwa nini maombi ya namna hiyo hayajibiwi.

4. BASI TUOMBE NINI?

Tuombe! Sijaja kuwanyamazisha. Paulo aliijua michezo. Katika 1 Wakorintho 9 anazungumza juu ya mbio, ngumi, mazoezi na taji linalonyauka. Hakuidharau. Lakini alitamani taji lisilonyauka.

Mwangalie Eric Liddell, mkimbiaji wa Scotland. Olimpiki ya Paris, 1924, mchujo wa mita 100 ulipangwa Jumapili. Akakataa kukimbia kwa ajili ya siku ya Bwana. Akakimbia mita 400 badala yake, akapata dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia wakati huo. Wahubiri wengi tunaishia hapo: alimheshimu Mungu, Mungu akamlipa medali.

Lakini maisha yake yaliendelea. Mwaka 1925 alienda Uchina kuwa mmishonari. Vita vilipokuja, Wajapani wakamfungia kambini. Alikufa humo Februari 1945, akiwa na miaka 43, miezi michache kabla ya vita kwisha, mbali na mke wake na mabinti watatu. Wa mwisho hakuwahi kumwona. Sasa niambie: kama medali ilikuwa malipo ya utii, kambi ilikuwa malipo ya nini?

Haikuwa malipo. Mungu alikuwa naye Paris, na Mungu alikuwa naye kambini. Hiyo ndiyo ahadi, na inatosha kwa anayeshinda na kwa anayeshindwa.

Kwa hiyo ewe mchezaji, omba mwili wako ulindwe, na wa mpinzani wako pia. Omba ujasiri wa kutumia kile ulichofanyia mazoezi. Omba nguvu ya kukataa sindano na vidonge vya njia ya mkato, hata kama meneja anasema wote wanatumia. Omba ushinde bila majivuno na ushindwe bila chuki. Ewe shabiki, omba usimpige mke wako kwa sababu ya timu iliyo Uingereza. Maombi haya Mungu anayajibu, kwa sababu ndiyo mapenzi yake.

Na ukitaka ushindi, mwambie. Yeye ni Baba, hakatazi mtoto kusema. Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe. Lakini alimalizia kwa kuyaachia mapenzi ya Baba. Kikombe hakikuondolewa, na sisi tumeokoka kwa sababu hiyo.

Kama uko kwenye kamari na umeshindwa kutoka, usione haya. Niko ofisini Jumanne na Alhamisi jioni. Njoo na simu yako, njoo na deni lako jinsi lilivyo. Tutaomba, halafu tutachukua kalamu tupange jinsi ya kulilipa. Na yule kijana wetu, ukimwona amerudi, usimuulize alikuwa wapi. Msogezee kiti.

TUOMBE: Baba, tusamehe tulipokufanya mtumishi wa hamu zetu. Walinde vijana wetu viwanjani. Wafungue waliofungwa na kamari. Mrudishe kila aliyedhani ulimwacha kwa sababu mechi iliharibika. Tufundishe kusimama upande wako. Katika jina la Yesu, Amina.

KWA USHIRIKA WA NYUMBANI WIKI HII
1. Je, kuna ombi ambalo halikujibiwa na likakufanya umkasirikie Mungu? Lilisimama juu ya ahadi gani?
2. Tunawezaje kusikiliza ushuhuda wa aliyepata bila kumuumiza aliyekosa?
3. Ni nani mtaani kwenu amezama kwenye mikeka? Mtamtembelea lini?