Nani Achukuaye Taka Zako?

Neno la kufikiri: Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, mstari wa 11 hata wa 13.



Asubuhi na mapema gari la taka lapita mitaani mwetu. Twatoa gunia, twalipa fedha kidogo, twarudi ndani. Nyumba imekuwa safi, nasi twasahau. Lakini gunia lile halikutoweka. Latoka Kinondoni, latoka Temeke, latoka Ilala, likapanda njia ya Pugu mpaka jaani Kinyamwezi, mahali ambapo watu hupaita dampo. Zamani taka za mji zilipelekwa Tabata, kisha Vingunguti, kisha Mtoni. Sasa zapelekwa Pugu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Kila mmoja wao ana kitu akitupacho, na kila kitupwacho huchukuliwa kwa mikono ya mtu.

Kule jaani wako waume kwa wake waokotao chupa za plastiki, chuma chakavu na maboksi. Hivyo huwauzia wachuuzi, na wachuuzi huwauzia wenye maghala, kisha vitu vyafika viwandani. Kazi hiyo ni halali, tena yaufaa mji mzima, Mkristo asiidharau. Wengi wao ni watu huru wanaojitafutia riziki. Basi neno langu leo si juu ya kazi yenyewe, bali juu ya mtu awezaye kufungwa ndani yake, nasi tusimwone.

Habari za utumwa si ngeni katika vilima hivi. Mwaka 1888 Wabenediktini walijenga kituo Pugu, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Na mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kile kilivamiwa na kuharibiwa. Mwaka 1892 wamisionari wa Kiinjili kutoka Berlin walianzisha kituo cha Kisarawe, mbele ya vilima vya Pugu, na huko wakapewa makao watu waliotolewa utumwani. Mwaka 1896 Lutindi, katika milima ya Usambara, ilijengwa iwe nyumba ya watoto wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba kanisa letu katika nchi hii lililelewa pamoja na watu waliofunguliwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Twaweza kudhani ya kuwa mambo hayo yamekwisha.

Hayakwisha, yamebadili nguo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 ulimwenguni walikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Mtumwa wa leo hana pingu mguuni. Tuseme kijana ametoka bara, ameahidiwa kazi njema mjini. Aliyemleta amemlipia nauli, nayo yaandikwa kuwa deni. Apewa glavu na buti, navyo vyaandikwa. Apewa chakula na mahali pa kulala, navyo vyaandikwa. Kitambulisho chake chachukuliwa, ati kisipotee. Mwisho wa mwezi aambiwa kwamba mshahara haukutosha kulipa deni, naye avumilie mwezi mwingine. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni lililotengenezwa makusudi lisilipike halina dawa hiyo. Huo ni mnyororo, ingawa hakuna fundi wa chuma aliyeufua. Na mtoto apelekwaye jaani badala ya shuleni, ili mtu mzima achukue fedha zake, yeye naye amefungwa.

Sikilizeni asemavyo Yakobo katika sura ya tano: ujira waliozuiliwa wavunaji hautulii ndani ya sanduku la tajiri, bali wapiga kelele, na kelele hizo zafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nabii Yeremia naye, katika sura ya 22, amtangazia ole mtu amtumikishaye jirani yake pasipo ujira. Nasi tulijifunza katika Katekisimo Ndogo ya Dk. Luther ya kuwa amri ya saba haimkatazi tu mwizi avunjaye nyumba usiku. Yakataza kila faida ipatikanayo kwa hila, tena yatuagiza kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake zihifadhiwe.

Mtu atasema, “Mimi si mwajiri wake. Nimelipa kampuni, yaliyobaki ni shauri lao.” Ndugu yangu, mimi nami nalisema hivyo kwa miaka mingi, hata neno hili likanichoma. Tukiletewa kampuni mbili, moja yataka fedha nusu ya nyingine, sisi twafurahi kuchagua ile rahisi. Je, tumeuliza ile nusu ya pili inalipwa na nani? Huenda wamepunguza gharama kwa akili njema. Lakini huenda nusu ile inalipwa na kijana yule kwa mgongo wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa hiyo nawasihi ninyi wazee wa kanisa, walimu na wainjilisti, na kila mwenye kampuni, duka au kiwanda aliye mshirika wetu. Kabla ya kutia sahihi mapatano, ulizeni. Je, kila mfanyakazi amepewa masharti ya kazi yake kwa maandishi? Je, mshahara waingia mikononi mwake mwenyewe, au wapitia kwa msimamizi? Kitambulisho chake kiko kwa nani? Glavu na buti ni juu ya tajiri, au zakatwa katika ujira? Akitaka kuacha kazi, aweza kwenda zake? Akidhulumiwa, yuko mtu wa kumsikiliza asiyeweza kumfukuza? Wala msiishie kwa kampuni ya kwanza. Ulizeni na yule iliyempa kazi, na yule anunuaye chupa na chuma, maana uovu hupenda kujificha kwa mtu wa tatu na wa nne.

Sheria iko upande wenu. Katiba, ibara ya 25, yakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asitiwe katika kazi ya hatari. Sheria ya mwaka 2008 yaadhibu usafirishaji haramu wa binadamu. Lakini sheria haiwezi kumwona mtu aliyefichwa. Yahitaji jirani mwenye macho. Naye kijana yule akija kanisani Jumapili, akaketi nyuma kwa sababu ya nguo zake, mwinjilisti asimpite. Amsalimu, amwulize habari za kwao, amwulize na habari za kazi yake.

Sasa rudini kwenye neno letu. Katika Agano la Kale miili ya wanyama wa sadaka ya dhambi ilichukuliwa nje ya kambi, ikateketezwa huko. Mwandishi wa Waebrania asema ya kuwa Yesu naye aliteswa nje ya lango, tena atuita tumwendee huko, tukishiriki aibu yake. Bwana wetu hakuona haya kwenda mahali palipotupwa visivyotakiwa. Alikwenda kulipa deni ambalo sisi tusingaliweza kulilipa kamwe, akatuweka huru. Basi mtu aliyefutiwa deni kubwa namna hiyo atawezaje kumfunga mwenziwe kwa deni la buti na nauli? Na atawezaje kunyamaza akiona mwingine akimfunga?

Zaburi ya 113 yatuambia kwamba Mungu wetu aliye juu sana huinama, akamwinua maskini kutoka jaani, akamketisha pamoja na wakuu. Basi kesho gari litakapopita, usirudi ndani upesi. Mtazame mtu yule abebaye gunia lako, umwulize jina lake, umwulize kama amelipwa.

Bwana atupe macho ya kuona na ujasiri wa kuuliza. Amin.